Homa ya Matumbo Ilimtoboa Mwanangu Utumbo, Sasa Nimtunzeje?

Shikamoo Daktari,

Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi katika kijiji kimoja cha bonde la Ziwa Rukwa. Nakuandikia kuhusu kijana wangu wa pili. Ana miaka 11, yuko darasa la tano.

Alianza na homa. Kichwa kinauma, mwili umechoka, chakula hataki. Tukanunua dawa mseto dukani, maana huku kwetu homa ni malaria mpaka ionekane vinginevyo. Akamaliza dozi, homa ikabaki palepale, jioni inapanda, asubuhi inashuka kidogo. Wiki ya pili nikampeleka maabara moja hapa senta, wakampima damu wakasema ana taifodi, yaani homa ya matumbo, wakanipa vidonge vya sipro vya siku 5. Siku ya tatu akapata nafuu, akaomba hata wali. Nikamshukuru Mungu. Vidonge vya mwisho alivikataa, nami sikumlazimisha.

Siku chache baadaye, usiku, akaanza kulia tumbo. Lilianza chini upande wa kulia, kisha likauma lote. Akatapika. Kulipokucha mwili ulikuwa wa baridi, jasho linamtoka, tukasema afadhali homa imekwisha. Mama mkwe akasema tumbo limebaki na uchafu wa ugonjwa, akamchemshia mizizi ya kuharisha. Hakuharisha. Tumbo likajaa likawa kama ngoma, ukiligusa anapiga kelele. Tulikaa hivyo siku mbili. Baba yake alikuwa kambi ya uvuvi na nauli sikuwa nayo.

Tulipofika hospitali wakampiga eksirei, wakasema utumbo umetoboka. Wakamtundikia dripu, wakamwekea mpira puani na mpira wa mkojo, wakamchoma sindano, na usiku huohuo wakampasua. Daktari aliniambia wamekuta matundu mawili na usaha mwingi, wamekata kipande cha utumbo, na ncha wameitoa nje ya tumbo. Sasa anajisaidia kwenye mfuko.

Wodini tulikaa wiki tatu. Nyumbani hii ni wiki ya pili. Mwanangu amekonda, mbavu unazihesabu. Kinachotoka kwenye mfuko ni majimaji tu, mfuko unavuja, ngozi imechubuka na nikimsafisha analia. Majirani wananiambia nimpe uji mwepesi na maji mengi, nisimpe chakula kigumu kwa sababu utumbo una kidonda. Juzi nikampeleka kupimwa tena maabara ileile, wakasema taifodi bado inasoma 1:160, anatakiwa sindano za siku 10.

Shemeji yangu anasema nimechelewa mwenyewe. Mama mkwe anasema mtoto katupiwa kitu, maana taifodi gani inatoboa utumbo. Mume wangu yuko kimya. Daktari, niambie ukweli. Je, ni mimi? Utumbo utarudishwa lini? Ale nini? Nimchome hizo sindano? Na hawa watatu waliobaki niwapime?

Mama wa watoto wanne, Rukwa

*

Marahaba, mama, na pole sana. Barua yako nimeisoma kwa uchungu, na kwa faraja pia, kwa sababu mwanao yuko hai. Nitayajibu maswali yako yote, ila sitafuata mpangilio wako. Naanza na jambo ambalo hukuliuliza moja kwa moja, na ndilo linalonitia hofu kuliko taifodi yenyewe: huko kukonda, na hayo majimaji ya kwenye mfuko.

Kwa kawaida maji na chumvi ya chakula hunyonywa mwishoni mwa utumbo mwembamba na kwenye utumbo mpana. Kwa mwanao chakula kinatoka nje kabla ya kufika huko, kwa hiyo kila mfuko unaomwaga unaondoka na maji na chumvi ya mwili wake. Tafuta jagi lenye alama, umwagie humo kila kinachotoka kuanzia asubuhi hadi asubuhi inayofuata, uone ni kiasi gani. Kwa mtoto wa kilo 25, kikizidi nusu lita hivi kwa siku, hicho ni kingi na daktari anatakiwa ajue wiki hii, usingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Ukiona macho yameingia ndani, midomo imekauka, mkojo umekuwa kidogo na mweusi, misuli ya miguu inakaza au mtoto analala kuliko kawaida, mpeleke siku hiyohiyo. Kuna dawa ambazo daktari anaweza kumwandikia ili kupunguza mwendo wa utumbo. Usizinunue mwenyewe dukani.

Aliyekwambia umpe maji mengi alikutakia mema, lakini kwa mtoto mwenye utumbo uliotolewa nje, maji matupu kwa wingi yanamdhuru. Yanapopita kwenye utumbo uliofupishwa huvuta chumvi na kutoka nayo, hivyo anakunywa na huku anazidi kukauka. Soda na juisi tamu nazo huvuta maji kutoka mwilini. Anachohitaji ni ORS: pakiti moja kwenye lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, anywe kidogo kidogo mchana kutwa. Pakiti zikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, si vya kujaza kilima. Usizidishe chumvi hapo. Maji ya kawaida si haramu kwake, anywe kiasi, ila yasiwe ndicho kinywaji chake kikuu.

Na uji mwepesi peke yake uache leo. Utumbo ulioshonwa au kukatwa zaidi ya mwezi uliopita si wa kupumzishwa tena, na mtoto aliyetoka kwenye usaha wa tumbo ana deni kubwa la nyama na nguvu. Akibaki na uji wa maji, kidonda cha juu hakitafunga vizuri na hata siku ya kurudisha utumbo itasogezwa mbele, maana daktari wa upasuaji hapendi kumgusa tena mtoto aliyedhoofu. Mpe ugali laini, wali, viazi, ndizi za kupika. Vyakula hivi pia vinafanya kinachotoka kiwe kizito. Kila mlo uwe na kitu cha kujenga mwili: yai, samaki aliyetolewa miiba, dagaa waliosagwa, maziwa au mtindi kama havimzidishii kutoka, karanga zilizosagwa laini kabisa ndani ya uji mzito. Tia kijiko cha mafuta. Chumvi kwenye mboga yake iwe imekolea kidogo kuliko ya wenzake. Ale mara 5 au 6 kwa siku, kidogo kidogo, atafune sana.

Vya kumnyima kwa sasa ni vile vyenye nyuzi na maganda magumu: mahindi ya kuchoma, miwa, vipande vya nazi, karanga nzima, maembe ya nyuzi, maharage yenye maganda. Hivi huweza kuziba pale kwenye tundu. Mfuko ukikaa mtupu kwa saa 6 hivi, huku tumbo linauma, linajaa au anatapika, ameziba, mkimbize hospitali. Hivyohivyo ukiona kile kinyama chekundu cha utumbo kimegeuka zambarau au cheusi.

Kuhusu ngozi, kinachoichubua ni maji ya utumbo mwembamba, ambayo yana vimeng'enya vya kusaga chakula. Yakigusa ngozi yanaanza kuisaga nayo. Tundu la mfuko likatwe lilingane na utumbo, libaki nafasi ya milimita 2 au 3 tu kuzunguka. Osha kwa maji ya uvuguvugu bila sabuni kali, kausha kwa kubonyeza kitambaa laini, ndipo ubandike. Usipake mafuta ya kujipaka mahali pa kubandika, mfuko hautashika. Mwaga kabla haujajaa nusu, kwa sababu uzito ndio unaoung'oa. Mifuko ikikosekana, na najua inakosekana, tumia kitambaa safi na laini, kibadilishe kila kinapolowa, na hapo ndipo upake krimu ya zinki tabaka nene kwenye ngozi. Hospitali mliyotibiwa ina ofisi ya ustawi wa jamii. Nenda ukaeleze hali yako bila aibu. Kazi yao ni hiyo, na familia nyingi zinakosa msaada kwa sababu tu hazikujua mlango wa kugonga.

Sasa hizo sindano za siku 10. Kama hana homa, anakula, na tumbo ni laini, usimchome.

Kipimo walichokifanya pale maabara ni Widal, kimekuwepo tangu mwaka 1896. Hakitafuti vijidudu vya taifodi, kinatafuta kingamwili ambazo mwili ulitengeneza kupambana navyo. Kingamwili hizo hubaki kwenye damu kwa miezi mingi baada ya mtu kupona, na hata watu wasiougua kabisa, wanaoishi mahali penye taifodi nyingi, huwa nazo. Kwa hiyo Widal haiwezi kukuambia kama mtu amepona. Inanisikitisha sana kuona wazazi wakiuza kuku na mahindi kulipia dozi ya pili na ya tatu kwa sababu ya namba kwenye karatasi, huku mtoto hana ugonjwa. Tena dawa hizo zikitumika ovyo, vijidudu vinazizoea. Kuna taifodi leo isiyosikia zile dawa za zamani kama kloramfeniko na amoksilini, na hata sipro imeanza kushindwa mahali pengi.

Ila homa ikirudi kweli, hiyo ni habari nyingine. Taifodi inaweza kurudi wiki 2 au 3 baada ya kumaliza dawa, na mtoto aliyepasuliwa anaweza pia kuwa na jipu lililojificha ndani ya tumbo. Usimpeleke duka la dawa. Mpeleke hospitali, aombewe kipimo cha kuotesha damu, yaani damu huwekwa maabara ili vijidudu vilivyomo vikue vionekane, kabla hajameza dawa yoyote. Kuotesha damu nako hukosa baadhi ya wagonjwa, hukamata kama 6 kati ya 10, lakini kikikamata kinakuonyesha kijidudu chenyewe na dawa inayokiua. Na apigwe ultrasaundi ya tumbo.

Umeuliza kama taifodi inatoboa utumbo. Inatoboa, mama, na haihitaji mkono wa mtu.

Vijidudu vyake, Salmonella Typhi, huingia kwa mdomo kwenye maji au chakula kilichoguswa na kinyesi cha mtu mwenye ugonjwa. Hupenya ukuta wa utumbo, huingia kwenye damu, hukaa kwenye ini, bandama na uboho wa mifupa, kisha hurudi tena kwenye utumbo kwa njia ya nyongo. Mwishoni mwa utumbo mwembamba kuna mabaka ya tezi za kinga, madaktari huyaita mabaka ya Peyer, na hapo ndipo vita hupiganwa. Wiki ya kwanza mabaka yanavimba. Ya pili nyama yake inaanza kufa. Wiki ya tatu ile nyama iliyokufa inamomonyoka na kuacha vidonda. Kidonda kikila mshipa wa damu, mgonjwa anatokwa damu: choo kinakuwa cheusi cha kunata, au damu nyekundu kabisa, na mtu anapauka na kuzimia. Wengi wa hao hupona kwa dripu, kuongezwa damu na dawa, bila kisu. Kidonda kikila ukuta mzima, utumbo unatoboka na kinyesi kinamwagika tumboni.

Hesabu wiki za mwanao utaona zinalingana. Alitoboka karibu na wiki ya tatu, wakati ambapo ulidhani ugonjwa unaisha. Hapo ndipo taifodi inapowahadaa wazazi, na ningependa kila anayesoma hapa apaelewe. Utumbo unapotoboka, joto la mwili linaweza kushuka ghafla, mgonjwa akawa wa baridi na jasho, mapigo ya moyo yakienda mbio. Mtu anayemtazama anasema homa imevunjika. Maumivu nayo huweza kupoa kwa saa chache kabla tumbo zima halijawaka. Mtoto aliyechoshwa na homa ya wiki mbili hata kulia kwa nguvu hawezi, kwa hiyo usisubiri kilio kikubwa. Yeyote aliyekuwa na homa ndefu, akapata maumivu mapya ya tumbo, tumbo likawa gumu au limejaa, anatapika, hapitishi hewa, huyo ni wa hospitali yenye chumba cha upasuaji siku hiyohiyo. Asipewe dawa ya kuharisha wala kuingiziwa maji kwa njia ya haja kubwa. Asipewe diklofenaki wala aspirini za kutuliza maumivu, maana huongeza hatari ya kutoka damu. Asilishwe wala kunyweshwa njiani.

Mbona sipro haikumkinga? Huenda vijidudu vyake viliizoea dawa hiyo. Huenda siku 5 zilikuwa chache, kwa kuwa dozi ya taifodi huwa kati ya siku 7 na 14 kutegemea dawa na hali ya mgonjwa. Na huenda vidonda vilikwishaanza kabla ya kidonge cha kwanza, kwa sababu wiki nzima ilipita akitibiwa malaria. Dawa huua vijidudu, haiwezi kurudisha nyama iliyokwishakufa. Vile vidonge vya mwisho alivyovikataa sidhani kama ndivyo vilivyoamua mambo.

Ukweli wa zile siku mbili sitakuficha, kwa sababu umeniomba ukweli. Zilimuumiza. Kila saa kinyesi kikikaa tumboni usaha unaongezeka, na ile dawa ya mizizi, ingawa haikutoboa utumbo, iliusukuma uchafu zaidi kupitia matundu yaliyokuwapo. Pengine angefika mapema wangeshona tundu bila kutoa utumbo nje. Lakini ulikuwa na mtoto mgonjwa usiku, huna nauli, mume yuko ziwani, na mzee wa nyumba anakwambia linalofanywa siku zote. Ulimfikisha. Madaktari wa hospitali ya Bugando, Mwanza, mwaka 2012 walichapisha habari za wagonjwa 104 waliotobolewa utumbo na taifodi: karibu robo yao walifariki, na kuchelewa kufika kulikuwa miongoni mwa sababu kubwa. Huko Kasese, Uganda, kati ya mwisho wa mwaka 2007 na Julai 2009, katika wagonjwa 577 wa mlipuko mmoja, 249 walitoboka utumbo, na watu 47 walikufa. Shemeji yako aelezwe habari hizo. Nyumba nzima, na vijiji vizima, vilipatwa na jambo hilihili, na vilikunywa maji yenye kijidudu hiki.

Kwa mama mkwe nakuomba uwe mpole. Alifanya alichojua kwa mjukuu anayempenda. Mweleze kwamba daktari aliyaona matundu kwa macho yake mahali palepale taifodi inapotoboa watu duniani kote, na umuombe asimpe tena mtoto dawa ya kunywa bila kukuambia. Anaweza kukusaidia sana kwenye kumlisha. Mtoto hula vizuri kwa bibi.

Watu wengine huuliza kwa nini mtoto huyu alitolewa utumbo nje na yule wa jirani alishonwa tu. Tundu likiwa moja na tumbo halijachafuka sana, daktari hupunguza kingo zake na kulishona, basi. Matundu yakiwa mengi au utumbo umeoza, kipande hukatwa na ncha mbili kuungwa. Lakini ukishona au kuunga utumbo uliovimba ndani ya tumbo lenye usaha, kwa mtoto ambaye shinikizo la damu limeshuka, mshono unaweza kuachia, na mara ya pili wachache hupona. Ndipo daktari huchagua kuitoa ncha nje, aoshe tumbo kwa lita nyingi za maji ya chumvi ya uvuguvugu, na kumpa mgonjwa nafasi ya kuishi kwanza. Walifanya vyema pia kutomkimbiza kwenye kisu dakika ileile. Zile saa za dripu, mpira wa puani wa kutoa maji ya tumbo, mpira wa mkojo wa kupima kama figo zinafanya kazi, na sindano za seftriaksoni pamoja na metronidazo, ndizo zilizomfanya aweze kuhimili dawa ya usingizi.

Utumbo hurudishwa lini? Kwa kawaida ni baada ya wiki 8 hadi 12 tangu upasuaji, mradi uzito umerudi, damu inatosha na kidonda cha tumbo kimefunga. Kwa mtoto anayepoteza maji mengi na kuzidi kukonda licha ya kulishwa, daktari anaweza kuamua kurudisha mapema zaidi. Uamuzi huo ni wa aliyempasua, naye anatakiwa kumwona mtoto, ndiyo maana nasisitiza uende wiki hii. Ukifika, muulize amekata sentimita ngapi za utumbo, na kama ni ile sehemu ya mwisho kabisa. Sehemu hiyo ndiyo inayonyonya vitamini B12, na ikikatwa ndefu mtoto huhitaji kufuatiliwa kwa miaka ili asije akapungukiwa damu. Muulize pia kama kipande kilipelekwa maabara na majibu yalisemaje.

Kwa miezi 3 asibebe ndoo wala kushika jembe, kidonda kisije kikafanya ngiri. Shule anaweza kurudi akipata nguvu, hata akiwa na mfuko. Zungumza na mwalimu wake awe na ruhusa ya kutoka darasani bila kuuliza. Na hata miaka ijayo, akipata maumivu ya kubana tumbo, kutapika na kukosa kupitisha hewa, msimpe dawa ya tumbo nyumbani. Makovu ya ndani huweza kuubana utumbo.

Wale watatu usiwapime Widal. Wasimeze dawa bila kuugua. Ukiona mmoja wao ana homa inayopita siku 3, hata kama kipimo cha malaria kimesema ipo, mpeleke kituoni na ueleze kwamba nyumbani kuna aliyeugua taifodi akatoboka utumbo. Kama kuna mtu mzima anayewapikia au anayeuza chakula, huyo aombe choo chake kioteshwe, kwa kuwa watu wachache hubaki na vijidudu kwenye kifuko cha nyongo bila kuumwa na huendelea kuvimwaga chooni. Maji ya kunywa yachemshwe yatokote au yatiwe dawa ya klorini, pamoja na yale anayobeba baba yao kwenda kambini. Kinyesi cha kwenye mfuko kimwagwe chooni, si shambani wala kwenye mfereji, na mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kumhudumia.

Uliza pia kliniki ya watoto kuhusu chanjo mpya ya taifodi. Ni sindano moja, inaweza kutolewa kuanzia umri wa miezi 6, na ilipojaribiwa kwa watoto zaidi ya 28,000 huko Blantyre, Malawi, ilizuia takriban wagonjwa 8 kati ya kila 10, na kinga ilikuwa bado imara baada ya miaka 4. Malawi ilianza kuwachanja watoto wake mwaka 2023, Kenya Julai 2025. Hata huyu aliyeugua anaihitaji, kwa sababu kuugua taifodi mara moja hakumkingi mtu daima.

Siku ya kwenda hospitali, nenda na mume wako. Ukimya wake naweza kuwa naukosea, lakini wanaume wengi niliowaona wodini hunyamaza kwa sababu hawajui washike wapi. Muombe muuguzi amfundishe kukata tundu la mfuko na kuubandika, afanye mwenyewe hapo kitandani mbele yenu, ili usiku ukivuja usiwe peke yako.